Shajara ya mradi: singe nane za mbao

Tarehe 3 Februari

Mbao zimefika jana jioni kwa guta. Vipande vitano vya mkangazi, na mabaki ya mninga niliyokuwa nimeyaficha darini tangu kazi ya milango ya msikiti. Mwalimu wa historia wa sekondari ya hapa mtaani ana kabati la vioo lililokaa tupu, na anatafuta kitu cha kumfanya kijana asimame mbele yake zaidi ya dakika moja. Aliomba silaha za vita kuu. Nikamwambia bunduki sichongi, maana askari wa doria akiiona usiku hatakuja kwanza kuigonga ajue ni mbao. Tukakubaliana singe.

Kwa asiyelizoea neno, singe ni ule upanga, kisu au sindano inayofungwa mdomoni mwa bunduki. Nimechagua za majaribio, au zilizozaliwa na majaribio, kwa sababu za kawaida zinafanana mno. Jeshi likitaka singe mpya linatengeneza chache, linawapa askari, linasikiliza lawama, kisha linaamua. Humo katikati ndimo yanamopatikana maumbo ya ajabu.

Zitakuwa nane: mwiko wa Rice wa Marekani, upanga-msumeno wa Lord Elcho wa Uingereza, singe ndefu ya Waingereza ya 1907, ambayo si ya majaribio ila nitaitumia kupimia wenzake, ufito wa Springfield wa 1903, kisha nne za Uingereza za Vita vya Pili na miaka iliyofuata, yaani Nambari 4, 5, 7 na 9. Zote kwa ukubwa halisi. Makali hakuna, na ncha zote nitaziviringa kwa msasa.

Nimejiwekea wiki sita. Bapa moja kwa siku, hesabu rahisi.

Tarehe 9 Februari

Nimeanza na mwiko kwa sababu mwiko naujua. Edmund Rice alikuwa ofisa wa jeshi la Marekani, mmoja wa waliopewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani, kwa mapigano ya Gettysburg ya Julai 1863. Wazo lake lilikuwa hili: askari aliyelala chini huku risasi zinapita juu yake anahitaji shimo kuliko anavyohitaji mkuki. Basi singe yake iwe na bapa pana kama mwiko wa fundi mwashi, achimbe nayo, na adui akisogea aifunge kwenye bunduki. Majaribio yalianza kwa idadi ndogo mwishoni mwa miaka ya 1860, na ule mtindo wa 1873 ukatengenezwa kwenye karakana ya Springfield kwa idadi ya 10,000.

Bapa lina urefu wa kama inchi 10 na upana wa inchi 3 na nusu. Saa mbili za randa na tupa, limekwisha. Sehemu ya nyuma ndiyo iliyonila siku nzima. Ni soketi, yaani bomba fupi linalovishwa mtutu kwa nje, na humo humo ndimo mkono unaposhika wakati wa kuchimba.

Jioni nikaenda kuijaribu kwenye shamba la mchicha la mke wangu (kwa ruhusa). Udongo wa mfinyanzi, umelowa kidogo. Inachimba, tena vizuri kuliko nilivyofikiri. Lakini nilipoinua, bomba lilikuwa limeshiba udongo. Sasa huyo askari, giza limeingia, adui ndiye huyo anakuja, aanze kuchokonoa udongo kwa kidole ili singe iingie kwenye mtutu? Na mchanga unaobaki humo unakwenda kusaga chuma cha mtutu. Kwenye picha inapendeza sana, na nadhani ilipendeza hivyo hivyo mezani kwa wakubwa.

Tarehe 16 Februari

Ya Lord Elcho. Mwaka ni 1871, bunduki ni Martini-Henry, iliyokuwa mpya. Bapa ni refu, linabana katikati na kupanuka kuelekea ncha kama jani la mwembe, na mgongoni lina meno ya msumeno. Lilikusudiwa kuchoma, kukata vichaka na kupasua kuni, yote kwa mkono mmoja. Nimechonga meno kwa kisu kidogo, moja moja, na kufikia jino la ishirini nilikuwa nimeshamchukia Elcho na ukoo wake.

Ninachokipenda humu ni uchoyo wa mtu anayetaka chombo kimoja kifanye kazi ya vitatu. Ninachokiona mkononi ni uzito. Hata hii ya mkangazi inavuta kichwa chini. Ya chuma, ikiwa mwisho wa bunduki ndefu vile, ingemchosha kijana mwenye nguvu. Jeshi la Uingereza halikuieneza, na askari wa kawaida wa Martini-Henry akaishia na ya soketi ya 1876, ndefu, nyembamba, ya kuchoma tu.

Tarehe 22 Februari

Aibu. Leo nimepima bapa la 1907, ambalo nilikwisha kulikata, nikapata milimita 406. Linatakiwa kuwa inchi 17, yaani 432. Nikalaumu futi kamba, nikaazima nyingine, ikasema vile vile. Kumbe ni michoro. Kijana wa duka la kuchapisha alibonyeza ile ya kutoshea karatasi, kila kitu kikapungua kwa asilimia sita, na mimi sikuweka rula kuhakikisha. Mwiko niliuchonga kwa vipimo vya kuandika, uko salama. Elcho nilimfuata kwa mchoro. Meno yote yale.

Kinachochekesha ni kwamba milimita 406 ni inchi 16 kamili, na hicho ndicho kipimo cha singe ya Marekani ya 1905. Nimechonga urefu wa nchi nyingine bila kujua. Kipande nimekiweka kando.

Elcho nitamrudia mwisho, Mungu akinipa subira.

Tarehe 2 Machi

Ya 1907 imekamilika, kwa vipimo sahihi. Waingereza walimwangalia Mjapani hapa. Umbo lilitokana na singe ya bunduki ya Arisaka. Za mwanzo zilikuwa na ndoano kwenye kikingio cha mkono, ya kunasia bapa la adui. Mwaka 1913 ndoano ikaondolewa kwenye utengenezaji. Nimechonga yenye ndoano, kwa sababu wanafunzi wataiuliza.

Sababu ya urefu wake ni hesabu ya darasa la nne. Bunduki ya zamani ya Lee-Enfield ilikuwa na mtutu wa inchi 30, na singe ya inchi 12. Ikaja bunduki fupi ya kutumiwa na wote, wa miguu na wa farasi, yenye mtutu wa inchi 25. Wakubwa wakaingiwa na hofu: askari wetu sasa ana mkono mfupi kuliko wa Mjerumani! Zimepungua inchi tano kwenye bunduki, basi tano zile zile zikaongezwa kwenye singe. Kumi na mbili na tano, kumi na saba.

Lakini kilichonikalisha chini leo ni pete. Nilikuwa nimeandaa mtutu wa bandia, kijiti kilichokerezwa, ili singe ionekane imefungwa. Nikavisha pete kwenye kijiti kama kwenye soketi. Haikukaa. Nikatazama picha tena kwa utulivu, nikaona: kwenye bunduki hii pete haivai mtutu hata kidogo. Chini ya mdomo kuna kifuniko cha chuma chenye kinundu kama kifundo cha kidole, na pete inavaa kinundu hicho. Nyuma yake kuna ulimi unaoingia kwenye kichwa cha mpini na kubanwa kwa springi. Mtutu wenyewe uko huru. Kuna akili hapo, kwa sababu ukining'iniza nusu kilo ya chuma kwenye mtutu, risasi haiendi tena pale ilipozoea kwenda.

Nimebadilisha mpango. Kila singe itakaa kwenye mdomo wake wa bunduki, uliochongwa kwa uangalifu ule ule. Bila huo, kabati litakuwa na visu vinane tu na mwanafunzi hataona ugomvi ulikuwa wapi. Wiki sita zimeshakuwa kumi.

Tarehe 5 Machi

Mvua, umeme hakuna. Nimenoa patasi.

Tarehe 11 Machi

Ufito wa 1903. Hii ndiyo niliyotegemea kuimaliza kwa nusu siku: kijiti cha mviringo chenye ncha, kinalala ndani ya mfereji chini ya mtutu, ukikihitaji unakivuta mbele kinajifunga. Hakuna ala, hakuna kitu cha kugonga paja wakati wa kutembea, hakuna cha kupoteza. Wamarekani walikuwa wamelichezea wazo hili tangu miaka ya 1880 kwenye bunduki zao za zamani za Springfield, zikatoka za majaribio, kisha ule mtindo wa 1888 ambao ufito wake ulifaa pia kusafishia mtutu. Ndipo likaingizwa kwenye bunduki mpya kabisa ya 1903.

Aliyeiua ni Rais mwenyewe. Theodore Roosevelt alikuwa amepigana Cuba mwaka 1898, na Januari 1905 alimwandikia waziri wake wa vita, William Howard Taft, kwamba singe hiyo ya ufito ni miongoni mwa uvumbuzi duni kabisa aliowahi kuuona, inavunjika ukiigonga kwa nguvu ya wastani. Vita vya Urusi na Japani vilikuwa vinaendelea, na kila jeshi lilikuwa linatazama watu wanavyopigana. Utengenezaji wa bunduki ukasimamishwa na ikaja singe ya kisu ya inchi 16, ile ya 1905 niliyoichonga kwa bahati mbaya. Mradi huu una vichekesho vyake.

Nami nikathibitisha maneno ya Rais bila kutaka. Ufito wa mninga, mgumu kama ulivyo, umekatika nilipokuwa naufunga kwenye jiliwa. Umekatika pale pale kwenye mkato wa kile kishikizo, ambapo kijiti kimepunguzwa unene ili kijifunge. Ukitaka kijifunge lazima ukipunguze, na ukikipunguza kinakatika hapo. Chuma ni chuma, sikatai, lakini udhaifu uko mahali pale pale.

Wa pili nimeuchonga kwa mpingo. Ghali, lakini kipande kilikuwepo.

Tarehe 21 Machi

Nambari 4. Wasomaji wengi wataiona wadhani ni msumari, na hawajakosea sana: sindano ya inchi 8, haina mpini, haina makali, ina soketi tu ya kuvalia mtutu. Baada ya vita vya kwanza Waingereza walijiuliza maswali ya haki kabisa. Zile inchi 17 zimemsaidia nani? Nguo nene ya majira ya baridi inahitaji kupenywa kwa urefu gani? Wakajaribu mafupi, wakajaribu sindano, na bunduki mpya ya Lee-Enfield, ambayo nayo iliitwa Nambari 4, ikapewa hii.

Ninachotaka wanafunzi wakione ni jinsi sindano moja ilivyokonda kila mwaka wa vita. Ya kwanza, Mark I, ilikuwa na mifereji minne ubavuni, ukiikata katikati unaona alama ya msalaba. Kazi ya mashine, tena nyingi. Ilitengenezwa Clydebank, Scotland, na Singer. Ndiyo, Singer wale wale wa cherehani iliyoko barazani kwa fundi wako. Zilitoka kama 75,000 na hapo mtu akauliza mifereji ni ya nini. Ikaja Mark II, sindano ya mviringo tu, ikatengenezwa kwa mamilioni, Uingereza, Marekani na Kanada. Mwisho Mark III, soketi ya vipande vilivyochomelewa, sura ya kitu kilichofanywa karakana ya uani usiku. Inaua vile vile.

Na mifereji, nimwambie yeyote atakayesimama mbele ya kabati, si ya kupitishia damu. Ni ya kupunguza uzito bila kupunguza ugumu, kama bati lenye migongo linavyokuwa gumu kuliko bati tambarare.

Nimechonga Mark I. Mifereji minne, milimita mbili mbili, kwenye kijiti kinachonyooka kuelekea ncha. Sasa namwelewa aliyeiuliza swali kule Clydebank.

Tarehe 29 Machi

Mjomba amepita akitoka sokoni. Alikuwa JWTZ, alifika Uganda mwaka 1979.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hizi sindano unamchoma nani?"

Nikamwonyesha zote. Mwiko ulimchekesha. Nambari 4 aliishika, akaigeuza, akatafuta pa kukamata, hakupata.

"Hii ukiitoa kwenye bunduki huna kitu. Mkebe hufungui, kamba hukati, kuni huchanji."

Hayo ndiyo aliyolalamika askari wa Kiingereza, kwa maneno yanayokaribiana sana.

"Ya kwenu ilikuwaje?"

"Sisi SAR. Singe yake haitoki, imezaliwa pale. Unaikunja, unaikunjua. Ya kwangu ilikuwa sindano, ya mwenzangu kisu, na bunduki ni hiyo hiyo. Hatukujua kwa nini."

Hilo naweza kumjibu. SAR ya mjomba ndiyo SKS ya Warusi. Walipoanza kuitengeneza, zile za 1949 zilikuwa na sindano, kisha wakaiacha wakaweka kisu. Wachina walipoichukua wakaanza na kisu cha Mrusi, na katikati ya miaka ya 1960 wakageuka wakaweka sindano. Wamepishana njiani.

Mjomba akafikiri. "Basi hapakuwa na aliyejua."

Akanywa chai, akaondoka na kipande cha inchi 16. Anasema mjukuu wake atakipenda. Nimemwomba asimpe kabla sijaviringa ncha.

Tarehe 6 Aprili

Nambari 5 imekwisha kwa siku tatu, bila matatizo. Kisu cha heshima: bapa la inchi 8, mgongo umeinama karibu na ncha, mpini wa mbao wa kushika. Kilitengenezwa kwa ajili ya bunduki fupi ya msituni ya 1944, ile yenye kifaa cha umbo la faneli mdomoni cha kuficha mwali. Kwa sababu ya faneli pete imebidi iwe kubwa, karibu milimita 23 kwa ndani. Bunduki hiyo ndiyo waliyopewa wengi wa King's African Rifles wakati wa hali ya hatari Kenya, kwa hiyo kati ya vyote nane hiki ndicho ambacho babu wa mtu wa huku huenda alikibeba kiunoni.

Ukikitazama utasema tatizo limekwisha. Kinakata, kinashikika, ni kifupi. Ila hakivai Nambari 4, na bunduki za Nambari 4 zilikuwa mamilioni.

Tarehe 19 Aprili

Nambari 7 imenishinda mara tatu, na naandika haya ya nne ikiwa kwenye gundi.

Lilikuwa jaribio la kuwaridhisha wote. Lile bapa zuri la inchi 8, mpini wa kisu halisi wenye vifinyo vya vidole, na bado kivae mtutu wa bunduki ya Nambari 4 na wa Sten Mark V, bunduki ndogo ya rashasha. Wakafanya kichwa cha mpini kizunguke. Kikiwa upande mmoja, unashika kisu. Ukibonyeza na kukigeuza nusu duara, tundu la soketi linajipanga na pete ya mbele, na mtutu unapita.

Ni kazi ya akili, nakiri. Kwenye mbao, kichwa hicho kina ukuta mwembamba upande mmoja, mhimili katikati, na springi ya kuzuia. Mara ya kwanza ukuta ulipasuka nilipotoboa kwa keekee. Ya pili mhimili ulilegea. Ya tatu kila kitu kilikaa sawa isipokuwa tundu na pete, ambavyo havikuwa mstari mmoja. Tofauti ya milimita moja na nusu tu, mtutu ukakataa. Nimehesabu: bapa saa nne, kichwa siku kumi na moja.

Waliokitengeneza kwa chuma nao hawakulala. Kampuni ya Wilkinson ilitoa za mwanzo 1,000, kisha viwanda vingine vikaendelea, lakini Nambari 7 hakikuwahi kuwa singe ya kawaida ya jeshi. Kilibaki zaidi kwa vikosi vya walinzi na gwaride, ambako mpini wake mwekundu au mweusi ulionekana vizuri.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisikigandishe tu, nani atajua. Nitajua mimi, na mwalimu ameshawaambia wanafunzi kwamba kinazunguka.

Tarehe 27 Aprili

Nambari 9, asubuhi moja na nusu. Baada ya vichwa vya kuzunguka na mapete makubwa, mwaka 1947 Waingereza walichukua soketi ile ile ya sindano iliyodharauliwa, wakatoa sindano, wakaweka bapa la kisu. Hakina mpini. Mjomba angelalamika tena, ila kamba angekata. Kilivaa kila bunduki ya Nambari 4 iliyokuwa ghalani bila kugusa hata moja, na hilo peke yake lilitosha kukipitisha.

Sikuchonga soketi mpya. Nilichukua ile ya Nambari 4 iliyokuwa na kasoro ya rangi ya mbao, nikaibandika bapa. Ilipokauka ndipo nilipogundua nimefanya kitu kile kile walichofanya wao, na kwa sababu hiyo hiyo.

Tarehe 4 Mei

Nambari 7 inazunguka. Inazunguka! Ngumu kidogo, inatoa mlio, lakini mtutu unapita.

Elcho wa pili amekwisha pia. Meno safari hii nimeyakata kwa msumeno mdogo wa chuma, mstari mmoja mmoja. Mtu hujifunza.

Tarehe 9 Mei

Nimepeleka kabati. Mwalimu aliwaleta vijana wanane wa kidato cha tatu wanisaidie kupanga. Nilikuwa nimepanga singe kwa miaka, na midomo ya bunduki kwenye rafu ya chini. Hawakuuacha mpango hata dakika tano. Walianza kuchukua singe na kujaribu ipi inaingia wapi, kama watoto na vifuniko vya sufuria. Wa mwiko alitaka kuuvika mtutu wa Nambari 4. Msichana mmoja alichukua Nambari 5, akaipitisha kwenye mtutu wa Nambari 4, pete ikapwaya ikawa inaning'inia kama bangili kwa mtoto. Akaitikisa.

"Fundi, hii umekosea kipimo."

Nikamwambia kipimo ni sahihi, kosa ni la 1944. Hakuniamini, akaomba futi kamba. Alipopata milimita 23 kamili akairudisha, akachukua Nambari 7, akageuza kichwa, akaivisha, ikashika. Aliirudia mara tatu, kila mara na ule mlio.

Midomo ya bunduki itapanda rafu ya juu, pamoja na singe zake. Mwalimu ameomba kioo kiwe na kufuli lakini ufunguo ubaki kwake, ili siku za somo vitoke. Nimebakiza kupaka vanishi ya pili kwenye mwiko, na kunyoosha kichwa cha Nambari 7, ambacho baada ya mikono ya vijana wanane kimeanza kulegea.